Kamba ya Mtamba

Sogeeni, na wa nyuma aache kunong'ona. Hadithi hii mtapewa nzima isipokuwa mwisho. Mwisho wake haupo, mtauleta ninyi.

Palikuwa na wasichana watatu katika kijiji cha Vumbeni, juu kabisa kwenye milima ya Upare, ambako ukidondosha chungwa mlangoni kwako unakwenda kuliokota kwa jirani wa chini. Wote walikuwa darasa la saba, shule moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Nakundwa, alikuwa na mkono usiokosa. Nyuma ya jiko la kwao ilining'inia ndoo iliyotoboka kitako, na kila alipotoka kuchota maji au kukata majani alirusha humo mpira wa matambara kabla ya kuingia ndani. Mama yake alimfokea, akamnyima chai, mwishowe akachoka. Kwenye mpira wa pete shuleni, mpira ukiondoka mkononi mwa Nakundwa watu hawakuutazama tena. Waliitazama pete, kwa sababu walijua unakokwenda.

Wa pili, Eliwaza, kipaji chake kilikuwa kuinuka. Hakuwa na mbio wala urefu wa kumtisha mtu, na alianguka kuliko watoto wote wa shule ile. Lakini hakuna aliyewahi kumkuta chini. Ukisikia kishindo ukageuka, amekwisha kusimama, anakung'uta magoti na kuuliza mpira uko wapi.

Wa tatu, Navoneiwa, ambaye wenzake walimfupisha wakamwita Navo, hakuweza kudaka hata kiroba cha pamba. Mikono yake ilifunguka wakati wa kufunga. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Navo akiita, watu wanakuja. Akisema "hebu njooni muone," mtu mzima anaacha jembe lake shambani, anakwenda, na akishafika ndipo anajiuliza amefuata nini.

Mtauliza, asiyejua kudaka anafanya nini kwenye mpira wa pete? Mpira wa pete unataka wachezaji saba, na wasichana wakubwa wa shule ile walikuwa saba. Hakukuwa na wa akiba. Na kwenye mashindano ya kule timu pungufu haichezi: mmoja akiugua, timu imekufa.

Sasa tumfuate mama mmoja, maana jambo lote lilikuja kumwangukia yeye. Alikuwa mama yake Eliwaza.

Vumbeni wana ndiva, yaani bwawa lenye kuta za mawe na udongo. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, na maji hushuka kwa mfereji kutoka shamba hadi shamba, kila mtu kwa zamu yake. Aliyekuwa akigawa zamu ni mume wa mama huyu. Alipofariki, wazee walimwambia mjane, "Shikilia kidogo, tunatafuta mwanamume." Wakatafuta mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hawakutafuta tena.

Sababu ilikuwa hii. Mwaka wa ukame, zamu ya Mama Eliwaza ilikwisha kabla maji hayajafika nusu ya mahindi yake. Alichukua jembe akaziba mfereji wa shamba lake mwenyewe, akafungulia wa jirani. Mahindi yake yalikauka yamesimama. Muda si mrefu ng'ombe wake mmoja, yule aliyekuwa akiwapa watoto maziwa, akafa kwa kukosa majani. Mama Eliwaza alisaidiana na shemeji yake kumfukia, akanawa mikono, akaenda kufungua ndiva, kwa kuwa ilikuwa zamu ya watu.

Tangu hapo kuna kitu ndani yake kilinyamaza. Hakuwa na huzuni. Alikuwa amechoka tu, na uchovu ukikaa na mtu muda mrefu, mwenyewe hauoni tena, kama moshi wa jiko kwenye nguo zake. Watu wakicheka alijua ni wakati wa kucheka. Alitabasamu, akaendelea na kazi.

Basi kulikuwa na kombe la kata. Lilikuwa Vumbeni zamani, likachukuliwa na shule ya Masheko, ng'ambo ya bonde, na Masheko hawakulirudisha. Mwaka ule wasichana wa Vumbeni wakafika fainali, na fainali ikapangiwa kwao. Wiki chache kabla, kwenye harusi moja, Bwana Mgonja, mzaliwa wa pale mwenye malori huko mjini, akashika kipaza sauti akiwa ameshiba na kufurahi.

"Nasema mbele yenu wote! Mtoto atakayelirudisha kombe Vumbeni, nyumbani kwao nitapeleka mtamba! Tena mwenye mimba!"

Vigelegele vikapigwa mpaka hema likatikisika. Hakuna aliyemuuliza, mtoto yupi? Mpira wa pete wanacheza saba, lakini Mgonja alikuwa hajawahi kuucheza.

Na Nakundwa msimsahau. Alikuwa na shangazi yake Masheko, na Masheko walikuwa wakimtaka. Shangazi akapanda mlima na sketi mpya ya shule mkononi. "Njoo ukae kwangu, mwanangu. Kule mchana watoto wanakula shuleni. Ukienda sasa, fainali utachezea upande wa washindi." Kwao Nakundwa mchana hawakuwa wanakula. Aliishika sketi, akaipima kiunoni, ikamkaa. Akaikunja akamrudishia shangazi. "Nikienda, hapa watabaki sita," alisema, akatoka nje kurusha mpira wake kwenye ndoo. Shangazi akashuka na sketi yake kwa hasira, na hakupanda tena.

Siku mbili kabla ya fainali, mvua ikanyesha.

Uwanja wa Vumbeni ndio mahali pekee pa tambarare kijijini, na utambarare wenyewe ni wa kutengenezwa. Upande wa bonde unashikiliwa na ukuta wa mawe. Alhamisi asubuhi ukuta ulikuwa umelala, na kona ya uwanja, pamoja na nguzo moja ya goli, imekwenda nao. Mwalimu Mrutu, aliyekuwa akiwafundisha wasichana, alisimama pale na viatu vyake mkononi. Sheria ya mashindano aliijua: Jumamosi asubuhi uwanja usipochezeka, kombe linakwenda kwa wageni.

Kazi kama ile kijijini hufanywa kwa msaragambo, watu wote na majembe yao. Msaragambo huitwa kwa pembe, na pembe hupulizwa mwenyekiti akishasema ipulizwe. Mwenyekiti alikuwa ameteremka tambarare kwenye msiba, simu yake haipatikani. Pembe yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani kwa Baba Senzota, na pale Vumbeni adhabu ya kuipuliza bila ruhusa ilijulikana na kila mtoto: nyumba yenu inawapikia wote waliokuja.

Navo akaenda kwa Baba Senzota kuomba chumvi. Mke wa Senzota alipoinama kuichukua, Navo akaishusha pembe, akatoka mbio mpaka uwanjani, akapuliza.

Mama Eliwaza alikuwa shambani. Aliposikia mlio alijua ndiva imepasuka. Ni jambo ambalo mgawa maji hulisubiri kila masika. Hakushtuka. Alihesabu kimoyomoyo nyumba ambazo zingesombwa, ya kwanza, ya pili, ya kwake ilikuwa ya tatu, akachukua jembe akashuka. Alipofika uwanjani alimkuta mtoto amesimama juu ya kifusi na pembe mkononi.

"Imepasukia upande gani?"

"Haijapasuka, mama."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa umepulizia nini?"

Navo akaonyesha ukuta.

Kufikia hapo kijiji kizima kilikuwa kinamiminika, wanaume kwa wanawake, majembe begani, wengine na matope ya shambani mpaka magotini. Baba Senzota alifika akihema.

"Pembe yangu! Imelia kama ng'ombe mwenye mafua! Nilidhani nimekufa mimi mwenyewe, mnaniitia watu!"

"Wewe ni wa nani? Hivi kwenu hakuna fimbo?"

"Mwacheni, leo mama yake anatupikia."

"Makande yasiyo na mafuta mimi sili. Nasema mapema."

Mdomo haukumwacha Navo. "Faini nimeikubali," alisema. "Ila mtakula vipi na hamjafanya kazi? Majembe mmeshabeba. Mawe haya hapa. Masheko wanasema Vumbeni tumelala na ukuta wetu."

Halafu Baba Senzota akatema mate pembeni. "Habari ya pembe yangu tutaizungumza," alisema, akavua koti. Aliinama akashika jiwe la kwanza, na wengine wakainama. Walifanya kazi siku ile na siku iliyofuata. Mama Eliwaza alibeba mawe kama wenzake, na alipoulizwa hali yake alisema ni nzuri.

Na faini ikalipwa. Mama yake Navo alipika makande masufuria mawili makubwa. Maharage ya kutosha hayakuwepo, kwa hiyo akafungua kiroba cha mbegu alichokuwa ameweka kwa ajili ya kupanda. Watu walikula, wakasifia, wakarudia. Yeye alisimama mlangoni akiangalia kiroba kinavyolegea.

Jumamosi uwanja ulichezeka. Masheko walikuja na lori, na nyimbo, na mfungaji mmoja mrefu ambaye watu wa Vumbeni walimuuliza ana watoto wangapi.

Mechi ilikwenda bega kwa bega. Masheko wanafunga, Nakundwa anarudisha. Kila alipopata mpira pale chini ya pete aliutazama kama vile unamsumbua, akauondoa. Magoli yote ya Vumbeni yalikuwa yake. Navo naye alikuwa anakimbia huku na huku, mpira ukimjia anauangusha, lakini sauti yake ndiyo iliyowapanga wenzake: "Nyuma yako! Rudi! Mpe Nakundwa, si mimi!"

Kuelekea mwisho, Eliwaza aliruka na yule mfungaji mrefu, wakaanguka pamoja. Mrefu alinyanyuka. Eliwaza pia alinyanyuka, kama kawaida yake, kisha akakaa tena chini. Watu wote wakasimama, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuliona hilo.

Mwalimu Mrutu alikuja mbio kwa Mama Eliwaza, aliyekuwa ameketi kwenye ukuta mpya. "Mama, kifundo kimeteguka. Nimtoe? Nikimtoa tumebaki sita, mechi imekwisha. Lakini ni mtoto wako. Sema wewe."

Mama Eliwaza alikwenda akachuchumaa. Aliutazama mguu ule kama anavyotazama ufa kwenye ndiva, kujua kama utashika mpaka asubuhi.

"Unauma?"

"Ndiyo, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Unataka nini?"

"Nifunge na kitu."

Mama alichana pindo la kanga yake, akazungusha, akakaza kwa meno. Mwanawe aliuma midomo. Mama alingoja moyo wake useme kitu, hata uchungu tu, kama mama wengine. Moyo haukusema. Akafunga fundo. "Simama," alisema, na mtoto akasimama.

Wakati mwamuzi anaangalia saa, timu zikiwa sawa, yule mrefu alipata mpira chini kabisa ya pete. Alirusha. Eliwaza aliruka kwa mguu mmoja uliobaki, ncha ya vidole ikaugusa mpira, ukatoka nje ya njia yake. Aliangukia ule mguu mwingine. Watu wa karibu walisema walisikia kifundo kikilia. Lakini kabla kelele hazijaisha alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo, anauliza mpira uko wapi. Mpira ulikuwa unapita mkono kwa mkono kwenda upande wa pili, mpaka kwa Nakundwa. Nakundwa akaurusha. Filimbi ikalia mpira ukiwa unashuka ndani ya pete, na mwamuzi akainua mkono: goli.

Vumbeni wakapata kombe kwa goli moja.

Nyimbo zilizoimbwa sitawaimbia. Mama Eliwaza alimbeba mwanawe mgongoni mpaka zahanati. Mganga akaubonyeza mguu, akauliza, akatikisa kichwa. "Atatembea vizuri," alisema. "Kuruka, sijui. Mpira asahau kwanza." Mama alishukuru. Njiani alikuwa anafikiri kwamba nyumbani hakuna kuni.

Jumatatu lori la Mgonja likapanda mlima. Mtamba akashushwa pale uwanjani: mweupe mwenye mabaka meusi, tumbo limejaa, macho ya upole. Akafungwa kwenye nguzo ya goli, akaanza kula majani kama amezaliwa hapo. Kijiji kizima kilizunguka kumtazama.

"Haya," Mgonja alisema. "Mtoto aliyeleta kombe yuko wapi?"

Baba yake Nakundwa akasogea. "Kombe ni magoli, Bwana Mgonja, hata ukiuliza Masheko. Magoli yote ni ya mwanangu. Na walikuja kumchukua na sketi mpya, akakataa. Angekubali, leo kombe na huyu ng'ombe vingekuwa ng'ambo ya bonde."

Mama yake Navo akasogea. "Magoli angefungia wapi? Hewani? Hii kona tuliposimama haikuwepo. Mwanangu alijitia kwenye faini ya kijiji kizima, na mmekula mbegu zangu. Nyote. Baba Nakundwa wewe ulirudia."

"Nilirudia, ndiyo. Yalikuwa na chumvi ya kutosha."

Watu wakacheka. Kisha wakamgeukia Mama Eliwaza wasikie yeye atasema nini, na yeye alikuwa anamtazama ng'ombe. Ikabidi Mwalimu Mrutu amsemee.

"Kulikuwa na uwanja, na kulikuwa na mfungaji," alisema, "lakini mmesahau kwamba mtoto huyu angekaa chini, kama mtu yeyote angekaa, hakuna mechi. Na asingeruka, ni Masheko waliokuwa wanafunga. Wenzake wataendelea kucheza. Yeye ameumaliza mchezo wake hapa."

"Mgawane basi," mtu alisema kutoka nyuma.

Mgonja alikataa. "Nilisema mtoto mmoja, nyumba moja. Simtoi akachinjwe wala akauzwe."

Mama Eliwaza, ambaye kazi yake ni zamu, ndiye aliyefungua mdomo. "Kuna zamu. Nyumba moja mwezi huu, nyingine mwezi ujao."

"Kama mbuzi wa shule?" Baba Senzota aliuliza.

Mbuzi wa shule alitunzwa kwa zamu na familia za darasa la sita. Kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imemkatia majani, na alikufa amefungwa, kamba yake nzuri kabisa. Maji ya ndiva yanakwenda kwa zamu kwa kuwa hayahitaji kula.

"Mimi lori langu linashuka kesho asubuhi," Mgonja alisema, na sasa alikuwa amechukia kidogo, kama mtu ambaye zawadi yake imemgeuka. "Mkiwa hamjaelewana ninashuka naye. Tafuteni mtu aamue."

Aliyemtaja wa kwanza alikuwa baba yake Nakundwa. "Mama Eliwaza aamue."

"Siwezi," Mama Eliwaza alisema. "Nina mtoto mle."

"Na kwenye mfereji una shamba," mama yake Navo akamwambia. "Mbona unaamua?"

Wakacheka tena, lakini walikuwa wanasema kweli. Wote walikumbuka yale mahindi. Wote pia walijua nyumba yake haina maziwa tangu mwaka ule, na kwamba mdogo wake Eliwaza alikuwa anakua mwembamba kama fito. Hawakumchagua kwa kumhurumia. Walimchagua kwa kuwa mbele ya kila mtu hakuna aliyethubutu kusema hamwamini.

Jioni, kabla jua halijazama, nyumbani walikuwa wanakula ugali na mboga ya maboga. Eliwaza alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya kigoda kingine, kanga iliyochanika bado imezungushwa. Mdogo wake alikuwa anakula haraka akitazama sufuria.

Mama alikuwa anapima. Akimpa Nakundwa, atampa mkono usiokosa, ambao unalipwa kila mahali duniani, na ambao ungeweza kuondoka ukabaki. Akimpa Navo, atalipa mbegu zilizoliwa na kijiji kizima, lakini atakuwa amempa sifa ya kombe mtu ambaye mpira wenyewe haukumkubali mikononi. Akimpa Eliwaza, ataupa mguu ambao hautaruka tena, na kesho kutwa kwenye mfereji, mtu atakapoona zamu yake fupi, atasema: huyu si ndiye aliyejigawia ng'ombe? Siku hiyo hakutakuwa na zamu tena. Kutakuwa na majembe vichwani.

Na kumnyima Eliwaza kwa sababu hiyo, ni kuziba tena mfereji wake mwenyewe. Alijua jinsi ya kuziba. Alikwisha kufanya. Alitafuta ndani yake kitu cha kumsukuma upande mmoja, akapekua kama mtu anavyopekua kabati analojua halina kitu.

"Mama," Eliwaza alisema.

"Kula."

"Ninakula. Nauliza tu." Alikuwa anachora kwenye ugali wake kwa kidole. "Ningekuwa mtoto wa mama mwingine, ungenipa?"

Mama alibaki na tonge mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alihisi kitu, kidogo sana, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi. Hakupenda kukihisi. Alimtazama mwanawe usoni, na mtoto hakuwa analia wala kubembeleza. Alikuwa anataka kujua.

"Kula," mama alisema tena, na wakala.

Asubuhi uwanja ulikuwa umejaa kabla ya umande kukauka. Lori lilikuwa linanguruma. Mgonja alikuwa ameegemea mlango wake, funguo zikicheza mkononi. Mama Eliwaza alipita katikati ya watu. Alifika kwenye nguzo ya goli, akafungua kamba, akaizungusha mkononi mara moja, jinsi mtu anavyoshika ng'ombe ambaye si wake.

Kutoka uwanja ule kuna njia tatu. Ya juu inapanda kwa kina Nakundwa, na Nakundwa alikuwa amesimama mwanzo wake, mikono nyuma, anatazama chini. Ya chini inashuka kwa kina Navo, na Navo alikuwa amesimama hapo, kwa mara ya kwanza mdomo wake umefungwa. Ya kati inakwenda sawa mpaka ndiva, na baada ya ndiva ni kwake. Eliwaza alikuwa amekaa juu ya ukuta mpya, mguu unaning'inia. Alipoona mama yake ameshika kamba, aliteremka akasimama.

Mtamba alishusha pumzi, akangoja avutwe.

Sasa mnanitazama mimi, lakini niliwaambia mwisho sina. Kamba hii hapa. Ishike wewe. Nakundwa yupo juu, Navo yupo chini, Eliwaza amesimama kwa mguu mmoja, na mgawa maji hana pa kujificha. Utampeleka wapi huyu ng'ombe? Na jioni, ukikaa kula, mtoto akikuuliza tena lile swali la jana, utamjibu nini?